Viatu vya Kupandia Rwenzori: Tope, Theluji na Barafu

Kila likizo ndefu inapokaribia, huwapo wanafunzi na walimu wanaopanga safari ya kupanda milima ya Rwenzori, na swali linalojitokeza mapema ni la viatu. Muulizaji husema: "Nitafute viatu gani vya theluji?" Swali hilo lina kasoro. Linachukulia kwamba mtu aendaye kwenye mlima wenye theluji atatembea juu ya theluji. Ukweli ni kwamba katika Rwenzori msafiri hukanyaga tope kwa siku nyingi, hukanyaga barafu kwa saa chache, na theluji yenyewe, ile laini iliyoanguka punde, huikuta ikiwa imenyesha usiku wa kuamkia siku yake ya kilele. Mtu aliyenunua viatu kwa kufuata neno "theluji" peke yake huenda akawa amebeba mzigo usiomfaa kwa sehemu kubwa ya safari.

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na maneno. Neno theluji limetoka katika Kiarabu. Barafu limetoka katika Kiajemi, na huko kwao barf ni hiyo hiyo theluji inayoanguka kutoka angani. Kiswahili kilipoyapokea maneno hayo mawili kiliyagawia kazi: theluji ikawa ile nyeupe inayoanguka na kujilundika, barafu ikawa maji yaliyoganda yakawa magumu. Mgawanyo huo si wa kamusi tu. Katika theluji mguu huzama, na maji huingia kiatuni kwa juu. Juu ya barafu mguu hauzami hata kidogo, huteleza. Viatu vinavyozuia jambo la kwanza havizuii la pili. Kwa hiyo mwalimu anayesahihisha insha ya mwanafunzi aliyechanganya maneno haya ana sababu nzuri ya kutumia kalamu nyekundu.

Hapa yafaa kumkumbuka mmisionari Johannes Rebmann, ambaye mwezi Mei mwaka 1848 aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliandika kwamba kiongozi wake aliuita weupe ule "baridi" tu. Baadhi ya wanajiografia wa Ulaya walibisha kwa miaka kwamba haiwezekani kuwa na theluji karibu na ikweta. Kiongozi yule hakutumia neno theluji wala barafu, lakini alitaja jambo ambalo kila mpandaji hulithibitisha kwa vidole vya miguu. Bakonzo wanaoishi chini ya Rwenzori wana neno lao la theluji, nzururu, na ndilo linalosikika katika jina Rwenzururu.

Sasa tuutazame mlima wenyewe. Njia iliyozoeleka zaidi upande wa Uganda huanzia Nyakalengija, katika kimo cha mita zipatazo 1,650. Siku ya kwanza ni ya msituni hadi kambi ya Nyabitaba, mita 2,650 hivi. Baada ya hapo msafiri hupita kambi ya John Matte na kuingia katika vinamasi vya Bigo, kisha kambi ya Bujuku iliyo karibu na mita 4,000, halafu Elena, mita 4,540 hivi. Kutoka Elena ndipo watu huondoka usiku wa manane kuelekea Margherita, kilele cha mlima Stanley, chenye mita 5,109. Bwana mkubwa wa Kiitalia, Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, alikifikia mwaka 1906 na kukipa jina la malkia wa nchi yake.

Mvua hunyesha Rwenzori katika miezi yote. Ipo misimu yenye nafuu, yaani kuanzia Desemba hadi Februari, na tena kuanzia Juni hadi Agosti, lakini hata hiyo haina uhakika wa ukavu. Vinamasi vya Bigo vimejaa mafundo ya nyasi ngumu yaliyosimama kama viti katikati ya tope jeusi. Mtu huruka kutoka fundo hadi fundo, na akikosea huzama hadi gotini. Sehemu fulani zimetandikwa njia ya mbao, na mbao zenyewe zikilowa huteleza vibaya. Buti zuri la ngozi, hata liwe la bei gani, likishajaa maji hapo halitakauka tena mpaka urudi Kasese. Siku itakapofika ya kupanda barafu, utalivaa likiwa limelowa, na buti lililolowa katika baridi ya chini ya nyuzi sifuri ndilo linalowapotezea watu vidole.

Ndiyo maana kiatu cha kwanza cha Rwenzori ni gambuti. Wengine huviita mabuti ya mvua au mabuti ya mpira. Ni vile vile wanavyovaa wakulima na wauza maziwa, na ndivyo wavaavyo viongozi na wapagazi wengi wa mlima huu. Wageni wengi huvidharau wanapoonyeshwa mara ya kwanza. Si vya kudharauliwa. Jambo la kuangalia ni urefu, vifike karibu na goti. Soli iwe na mifereji yenye kina, kwa maana soli iliyolika ni hatari juu ya mbao na mizizi. Na kifundo cha mguu kibanwe kiasi, kisicheze ndani. Gambuti likiwa pana mno, tope hulivuta na kulibakiza, nawe ukaendelea na soksi peke yake.

Kasoro za gambuti pia zisifichwe. Mpira haupitishi hewa, hivyo jasho hulowanisha soksi hata kama maji ya nje hayakuingia. Halishiki kifundo cha mguu kama buti la ngozi. Tena halina kinga kubwa ya baridi. Dawa yake ni kutia soli ya ndani ya sufu iliyoshindiliwa au ya kitu kingine kisichopitisha baridi upesi, kuvaa soksi mbili, na kubadilisha mara ufikapo kambini. Kutembea na fimbo husaidia kifundo kuliko watu wanavyodhani.

Kiatu cha pili ni buti la barafu, nalo huchukuliwa begani au na mpagazi, ndani ya mfuko usiopitisha maji, mpaka Elena. Hapo ndipo linapotolewa likiwa kavu. Buti hili lina soli ngumu isiyopindika kirahisi, ngozi au plastiki ngumu ya nje, na kinga nene ya ndani. Ugumu huo una sababu. Chini yake hufungwa kramponi, yaani vyuma vyenye meno marefu vinavyouma barafu. Ukizifunga kramponi za chuma kigumu chini ya kiatu laini, kiatu hujipinda, chuma hakijipindi, na mikanda hulegea. Kramponi zinazochomoka mguuni katikati ya mteremko wa barafu ni balaa kwako na kwa wenzako mliofungwa kamba moja. Kwa sababu hiyo hiyo kramponi hazifungwi juu ya gambuti, hata mwenye nazo akikuambia zitakaa.

Si lazima kununua. Buti na kramponi hukodishwa na wanaoongoza safari, na kwa mwanafunzi hiyo ndiyo njia ya busara. Lakini jaribu vyote viwili pamoja kabla hujaondoka bondeni: vaa buti, funga kramponi, nyanyua mguu, utikise, piga hatua kadhaa. Rekebisha mikanda hapo mchana, vidole vyako vikiwa na joto. Anayejaribu mara ya kwanza Elena saa nane ya usiku, kwa mwanga wa taa ya kichwani, atawachelewesha wote. Muulize pia kiongozi hali ya njia. Barafu ya Rwenzori imepungua mno tangu siku za Abruzzi, na mahali ambapo ramani za zamani huonyesha barafu sasa pana mwamba mtupu, mara nyingi uliolowa. Mpandaji hulazimika kuvaa kramponi, kuzivua mwambani, na kuzivaa tena. Soli ya buti lako basi iwe inayoshika jiwe pia.

Juu ya ukubwa wa kiatu, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makosa mengi yanapofanyika. Watu hununua kiatu kinachowabana kwa kuamini kwamba kiatu cha mlimani kinatakiwa kushika mguu. Kinatakiwa kushika kisigino na kifundo, si vidole. Damu ndiyo inayopeleka joto vidoleni. Kiatu kinachobana huizuia, na kidole kisichopata damu huganda upesi hata ndani ya buti nene. Zaidi ya hayo, mguu wa asubuhi si mguu wa jioni, kwani huvimba kwa kutembea. Nenda dukani jioni. Beba soksi zile zile utakazovaa mlimani. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Kidole kimoja cha mkono kiweze kuingia nyuma ya kisigino. Kisha funga, utafute ngazi au mteremko, ushuke. Vidole vikigonga mbele, achana nacho. Kupanda hakuumizi kucha. Kushuka ndiko kunakozing'oa.

Soksi ziwe za sufu, au za nyuzi zinazokauka haraka. Pamba ikilowa hubaki na maji, na maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa. Ila ongezeko la soksi lina mpaka wake: soksi ya tatu inayokaza kiatu huleta baridi badala ya joto. Jozi moja iwe ya kulalia tu, isiguswe na tope hata kwa dharura. Viatu vilivyolowa vijazwe karatasi za magazeti usiku, zibadilishwe zikilowa. Visiwekwe karibu na moto, kwani ngozi hupasuka na gundi huachia.

Wengi wetu hatununui viatu vipya. Hununua vya mitumba, au mivumba kama wasemavyo Kampala, na katika soko la Owino mtu mwenye subira hupata mabuti ya mlimani ya viwanda vya Ulaya kwa bei nafuu. Hilo ni jambo jema, lakini lina mtego wake. Povu lililo katikati ya soli za mabuti mengi huharibika kwa unyevu na umri, hata kama kiatu kilikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa nje kinang'aa. Siku ya pili ya safari soli inabanduka nzima. Kikunje kwa mikono, ubonyeze ubavu wa soli kwa ukucha. Ukiona nyufa ndogo au unga unaodondoka, kirudishe. Ukikinunua, kivae kwa wiki kadhaa ukipanda vilima vya karibu, ili malengelenge yakutokee ukiwa nyumbani.

Jambo jingine linalosahaulika ni viatu vya anayekubebea mzigo. Mgeni huja na jozi tatu, na mpagazi huja na gambuti moja lililotoboka, bila soksi. Mlima Kilimanjaro kuna mradi ujulikanao kwa kifupi KPAP, ulioanzishwa mwaka 2003, unaowaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Anayekodi wapagazi Rwenzori anaweza kuuliza miguu yao imevaa nini kabla ya kulipa, na kuongeza jozi chache za soksi kwenye mzigo wake.

Msomaji atakayekwenda Kilimanjaro asiyachukue maelezo haya yote kama yalivyo. Huko njia za kawaida kwa sehemu kubwa ni kavu, na juu ya kambi ya Kibo, mita 4,720, ni majivu ya volkano na changarawe inayoserereka. Gambuti si la huko. Buti moja la ngozi lililozoeleka mguuni, pamoja na vifuniko vya turubai vinavyoanzia kwenye buti hadi chini ya goti ili kuzuia vijiwe na theluji, huwafikisha wengi Uhuru, mita 5,895, bila kramponi. Mtu akikuelekeza juu ya viatu vya mlima wenye theluji, muulize kwanza ni mlima gani.

Kwa walimu wenzangu, somo hili linafaa kwa mazoezi ya maelekezo. Wape wanafunzi viatu vitatu, gambuti, buti na kandambili za kambini (nazo zisiachwe nyumbani, miguu inahitaji kupumua jioni), waandike maelekezo ya siku moja moja wakitumia vaa, usivae, vua, funga. Wataona jinsi ngeli inavyobadilika: kiatu kinabana, buti linabana, gambuti inabana au linabana. Hilo la mwisho wasemaji hawakubaliani, nami mwenyewe nimetumia "li" katika makala haya.