Kocha, Mweleze Chipukizi Ukweli
Kijana anayeambiwa kila siku kuwa ni bingwa wa kesho, kumbe muda wake haupungui, huongeza mazoezi kisiri na kuficha maumivu. Mifupa yake ingali inakua, na ncha zake laini huumia upesi akikimbia kupita kiasi. Wazazi wanaongojea pesa za mbio nao humsukuma.

Mwite kando, umwonyeshe muda wake wa msimu mzima. Usimkatie tamaa haraka, maana wengine huchelewa kubalehe. Wala ukweli si lazima umtoe uwanjani: David Rudisha alikuwa akikimbia mita 400 hadi kocha wake wa Iten, Colm O'Connell, alipomshauri ajaribu 800. Mwaka 2012 jijini London alivunja rekodi ya dunia kwa dakika 1, sekunde 40.91.

Anayechechemea apumzishwe kwanza, aonwe na daktari. Mazungumzo ya muda yatangoja.