Anza na Hatua ya Mwisho

Vumbi ni sehemu ya maisha ya Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Malori ya madini hupita mchana na usiku, na mtaani Kasulo watu wamechimba kobalti hadi ndani ya nyua zao. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa mtaani humo: mkojo wa wakazi, hasa watoto, ulikuwa na kobalti nyingi kuliko wa watu wa mtaa jirani. Mahali kama hapa, mtoto anayekula bukari kwa mkono hana budi kujua kunawa. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji, somo hilo linastahili kutangulia kunakili herufi ubaoni.

Sisi watu wazima tunaona kunawa kuwa tendo moja, kumbe ni mfululizo: kukunja mikono ya shati, kuchota maji kwa kopo, kulowanisha viganja, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua kati ya vidole, kusuuza, kukausha. Mtoto akikwama katika hatua moja, husemwa kwamba hawezi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mwalimu ni kunawa mwenyewe polepole, akiandika kila hatua.

Kazi ya pili huwashangaza wazazi wengi: anza kufundisha kutoka mwisho. Mwalimu humsaidia mtoto hatua zote, kisha humwachia kukausha mikono peke yake. Akishaizoea hatua hiyo, anaachiwa kusuuza na kukausha. Baadaye kusugua, kusuuza na kukausha. Faida yake ni kwamba kila mara mtoto mwenyewe ndiye anayeimaliza kazi, na sifa anayopewa inakuwa halali yake.

Msaada nao una utaratibu wake. Simama nyuma ya mtoto ili mikono yenu ielekee upande mmoja, na umwongoze kwa upole bila kumlazimisha. Siku zinavyokwenda, rudisha mkono wako kutoka kiganjani hadi kwenye kifundo, kisha kwenye kiwiko, hadi ishara tu itoshe. Punguza maneno. Mtoto aliyezoea kuambiwa “sasa sabuni, sasa suuza” husimama akingoja sauti, na sauti ni msaada mgumu kuuondoa.

Sokoni mambo ni hayo hayo. Kuhesabu chenji huwashinda wengi, lakini ipo njia nyepesi: mtoto asikie idadi ya elfu katika bei, kisha aongeze noti moja. Chumvi ikiwa franka 700, anatoa noti moja ya 1,000. Sabuni ikiwa 1,700, anatoa mbili, halafu anangoja chenji. Muuzaji anayemfahamu atamrudishia kwa haki. Lakini mazoezi yafanyike kwa noti halisi, na mapema iwezekanavyo yahamie kwenye meza ya muuzaji. Watoto hawa mara nyingi hawahamishi ujuzi wenyewe: aliyejifunza kunawa bombani shuleni anaweza kuduwaa mbele ya beseni na bidoni nyumbani. Afundishwe kote kuwili.

Tufundishe nini kwanza? Lou Brown, mwalimu wa walimu huko Wisconsin, Marekani, ametuachia swali zuri: mtoto asipoijua kazi hii, je, kuna mtu atakayelazimika kumfanyia? Kunawa, kuvaa, kwenda chooni, kuwasha mbabula ya makaa bila kuungua, kusema jina lake na la mtaa wake: yote hayo jibu lake ni ndiyo.

Haya si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2015, unataja katika kifungu cha 24 haki ya kujifunza stadi za maisha, na sheria ya nchi ya tarehe 3 Mei 2022 inawalinda watu hawa. Kwa hiyo mzazi, ukienda shuleni, uliza mtoto wako anafanya nini peke yake leo ambacho muhula uliopita alifanyiwa. Ukishaambiwa, mwachie akifanye nyumbani pia, hata kama anachelewa na kumwaga maji.