Mkono wa Mkandaji Pia Huenda Shule

WAHENGA walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini maana yake niliipata siku mguu wangu mwenyewe ulipofura.

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya upili, niliwauliza wanafunzi wa kidato cha nne kazi walizotamani kufanya. Wengi walitaja udaktari, uanasheria, uhandisi na urubani. Binti mmoja akasimama, akasema anataka kusomea ukandaji wa mwili. Darasa zima liliangua kicheko. Badala ya kuwakemea, nami nilicheka, kisha nikamwambia kwamba kazi hiyo haihitaji kwenda chuoni, na kwamba mzazi wake hakulipa karo ili mwanawe akapapase migongo ya watu. Binti aliketi, asinene neno tena kipindi kizima.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, nilisafiri kwa basi kutoka Mombasa hadi Busia. Nilikaa kitini usiku kucha na sehemu kubwa ya siku iliyofuata, nisinyooshe miguu ila mara mbili. Siku ya tatu, shavu la mguu wa kushoto lilianza kuuma na kufura. Nilidhani ni uchovu wa safari. Jirani alinishauri nikakandwe, akanielekeza kwa mkandaji mmoja mjini. Aliyenifungulia mlango alikuwa yule yule binti.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akanivutia kiti.

Hakukimbilia chupa ya mafuta. Aliniuliza maumivu yalianza lini, ni mguu mmoja au yote miwili, nimesafiri wapi, ninatumia dawa gani, na kama ninapata shida ya kupumua. Akailinganisha miguu yangu kwa macho, kisha akagusa kidogo kwa mgongo wa kiganja, akahisi kwamba wa kushoto una joto kuliko wa kulia. Ndipo akasema, "Mwalimu, mguu huu sitaukanda. Nenda hospitalini leo, usingoje kesho."

Hospitalini nilipigwa picha, likaonekana bonge la damu iliyoganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Daktari alinieleza kwamba mguu huo ungalikandwa kwa nguvu, huenda bonge lingalibanduka, likasafiri na damu hadi kwenye pafu, na hapo mtu anaweza kufa ghafla. Uhai wangu ulikuwa mikononi mwa mtu niliyemcheka, naye aliuokoa kwa kuizuia mikono hiyo.

Nilipopata nafuu nilirudi kwake. Nilitaka kujua ni nini alichofundishwa ambacho mimi nilidhani hakifundishwi. Alinionyesha madaftari yake ya chuo, nami nilisoma kama mwanafunzi.

Jambo la kwanza ni elimu ya mwili. Mwanafunzi wa ukandaji hujifunza mifupa 206 ya mtu mzima na misuli inayozidi 600. Hujifunza msuli umeshikamana na mfupa gani na hufanya kazi gani, kwa maana maumivu ya bega wakati mwingine huanzia shingoni, na maumivu ya kiuno huweza kutokana na misuli ya mapaja iliyokazana. Hali kadhalika hujifunza mahali pasipobinywa kwa nguvu: mbele ya shingo, kwapani, kwenye kinena na nyuma ya goti. Hapo mishipa ya damu na ya fahamu hupita karibu na ngozi.

Pili ni mikono. Mkono usiofunzwa hujua kubinya tu. Aliyefunzwa anazo mbinu tano kuu: kupitisha viganja kwa wepesi, kukanda nyama kama unga, kusugua kwa ncha za vidole, kupigapiga na kutetemesha. Mpangilio huo huhusishwa na daktari Mholanzi Johan Georg Mezger, aliyeishi kati ya 1838 na 1909. Kila mbinu ina wakati wake. Viganja huanza kwa kuutuliza mwili, na mkandaji anapokanda mkono au mguu huelekeza nguvu upande wa moyo, ndiko damu ya mishipa hiyo irudiko.

Tatu, mwanafunzi hufunzwa kusimama. Hukunja magoti kidogo, akanyoosha mgongo na kutumia uzito wa mwili wake mzima, si nguvu za vidole gumba pekee. Asiyejua hivyo huharibu viungo vyake kabla ya kutengeneza vya wenzake.

Nne, na hapa ndipo uhai wangu uliponusurika, ni kujua wakati wa kutokanda. Mwenye homa hakandwi. Mfupa uliovunjika haukandwi, wala jeraha bichi, wala ngozi yenye ugonjwa wa kuambukiza. Mja mzito na mgonjwa wa saratani huhitaji uangalifu maalumu na ushauri wa daktari. Mkandaji si daktari, hivyo hatambui maradhi wala haagizi dawa. Kazi yake ni kuziona dalili za hatari na kumpeleka mtu panapostahili.

Tano ni adabu. Mkandaji huomba ruhusa kabla ya kugusa, humfunika mteja shuka na kufunua sehemu inayokandwa tu, hukata kucha, hunawa mikono, na huyatunza anayoyaona na kuyasikia. Mteja akisema basi, ni basi.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii imechafuliwa jina na vyumba vinavyotangaza masaji mchana na kuuza mambo mengine usiku. Ni kweli vyumba hivyo vipo, lakini aibu hiyo si ngeni. Mnamo 1894, jarida la madaktari wa Uingereza lilifichua kwamba baadhi ya nyumba za kukandia mjini London zilikuwa madanguro. Wauguzi na wakunga wanne wanawake hawakuikimbia taaluma yao. Mwaka huo huo waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, wakaweka mtihani na kanuni kali, mojawapo ikiwa kutomkanda mtu pasipo maelekezo ya daktari. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka wa 1920, na tangu 1944 ndicho chama cha wataalamu wa tiba ya viungo nchini humo. Jina lililokuwa la aibu lilisafishwa kwa mafunzo, mtihani na nidhamu.

Nasi tusijidanganye kwamba ukandaji ni jambo la kigeni. Katika Pwani yetu, mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na mafuta katika siku zake arubaini, na akina nyanya wenye ujuzi huo huheshimiwa. Kule Iten, wanariadha wanaoliletea taifa medali huwategemea wachuaji misuli baada ya mazoezi makali. Tiba ya viungo, ambayo ni jamaa wa karibu wa kazi hii, hufundishwa katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC) na ina sheria yake ya 2014. Je, ni kwa nini basi mwanafunzi anayetaka kuisomea kazi ya mikono achekwe?

Kwa walimu wenzangu nasema hivi: mwanafunzi akitaja kazi usiyoijua, uliza kabla ya kuhukumu. Kicheko cha mwalimu darasani kina uzito kuliko kicheko cha wanafunzi arubaini.

Kwa wanafunzi nasema: mkiitaka kazi hii, msiifanyie haraka. Jihadharini na wanaoahidi cheti kwa mafunzo ya siku chache. Hakikisheni chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013. Ulizeni kama kuna mwalimu wa elimu ya mwili, na kama mtafanya mazoezi chini ya uangalizi kabla ya kuachiwa mteja. Na msilitupe somo la Biolojia mkidhani ni la madaktari watarajiwa pekee.

Nilimwomba radhi yule binti, naye aliipokea radhi yangu kwa ukarimu. Lakini darasani siku ile walikuwapo wengine waliocheka kwa sababu mwalimu wao alicheka, na pengine wengine waliokuwa na ndoto kama yake wakaimeza. Hao sijui waliko. Nayaandika haya ili nao yawafikie.