Insulinoma kwa Paka: Uvimbe wa Kongosho Unaomaliza Sukari ya Damu

Kongosho la paka, kama la mamalia wengine, hutoa vimeng'enya vya kusaga chakula utumboni na pia homoni zinazodhibiti sukari ya damu, ambazo hutengenezwa na vikundi vidogo vya seli alivyovieleza Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869 na ambavyo hadi leo huitwa visiwa vya Langerhans. Humo ndimo zilimo seli za beta, zinazotoa insulini, yaani homoni inayoziwezesha seli za misuli na mafuta kuchukua glukosi kutoka katika damu na kulizuia ini lisitengeneze glukosi mpya. Kwa paka mwenye afya, sukari inaposhuka seli hizo hupunguza insulini hadi kukaribia kuikatiza kabisa. Zinapogeuka kuwa uvimbe uitwao insulinoma, huendelea kuitoa hata pale damu inapoishiwa sukari.

Anayeumia kwanza ni ubongo, kwa kuwa hutegemea glukosi ya damu na hauna akiba ya kutosha. Paka huanza kuyumba, misuli ya uso humchezacheza, hutazama kama asiyemtambua mwenye nyumba, na sukari ikizidi kushuka huanguka akatupa miguu kwa degedege. Kwa sababu dalili hizi huja na kupita, hasa baada ya kukaa na njaa au kusisimka, na kwa sababu baadaye mnyama huonekana mzima, ni rahisi kudhaniwa kuwa ana kifafa. Ugonjwa huu ni nadra sana kwa paka kuliko kwa mbwa, na wengi wa paka wachache walioripotiwa walikuwa wazee.

Katika miaka ya 1930 daktari wa upasuaji wa Marekani, Allen Whipple, aliweka masharti matatu ambayo madaktari wa mifugo nao huyatumia: dalili za upungufu wa sukari, kipimo kinachothibitisha upungufu huo wakati dalili zipo, na nafuu mara mnyama anapopewa glukosi. Masharti hayo huthibitisha kwamba sukari imeshuka, lakini hayaelezi kwa nini imeshuka. Paka mwenye kisukari aliyezidishiwa dozi ya insulini, ambaye ni wa kawaida zaidi kliniki, huyatimiza yote, na vivyo hivyo mwenye ini lililoharibika au maambukizi makali katika damu. Hata sampuli yenyewe yaweza kupotosha, kwani chembe nyekundu zisipotenganishwa mapema na majimaji ya damu huendelea kuila glukosi ndani ya chupa.

Kwa hiyo, sukari inapokuwa chini ya miligramu 60 kwa desilita, yaani takriban milimoli 3.3 kwa lita, insulini hupimwa katika damu hiyohiyo. Hapa ndipo wengi hukosea: kiwango cha insulini kinachoitwa cha kawaida si cha kawaida kwa paka mwenye sukari ya chini, kwa sababu wakati huo insulini ilipaswa kuwa karibu na sifuri. Maabara nayo lazima itumie kipimo kilichothibitishwa kwa paka, ambaye insulini yake hutofautiana na ya ng'ombe kwa asidi amino moja tu lakini na ya binadamu kwa nne, hivyo kwamba kipimo cha watu chaweza kushindwa kuitambua.

Tiba inayolenga chanzo ni upasuaji wa kuondoa sehemu ya kongosho yenye uvimbe, huku ini na tezi za limfu zikikaguliwa, maana uvimbe huu huweza kusambaa huko. Kabla ya upasuaji, au pale usipowezekana, paka hulishwa mara nyingi kidogo kidogo chakula chenye protini nyingi na kupewa prednisoloni, dawa inayopandisha sukari. Kwenye degedege, mwenye paka humpaka asali au maji ya glukosi kwenye ufizi, akijihadhari asiumwe wala asimmiminie kooni, kisha humkimbiza kwa daktari. Glukosi ya mshipani nayo hutolewa taratibu, kwani ikiingia kwa wingi ghafla huuchochea uvimbe kutoa insulini zaidi na sukari ikaporomoka upya.

Paka mzee anayepata degedege kwa mara ya kwanza anastahili kupimwa sukari kabla ya kupewa jina la mgonjwa wa kifafa, kwa kuwa dawa za kifafa hazirudishi sukari ambayo ubongo wake unaikosa.