Miguu ya Mtu Mzima: Matembezi katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Wasomaji wetu wa kusini waijua desturi iliyoenea siku hizi: mtu akiisha kuuza korosho zake na kupata fedha kidogo, hununua pikipiki, na tangu siku hiyo miguu yake huwa imestaafu. Kwenda shamba ni pikipiki, kwenda sokoni ni pikipiki, na hata msikiti ulio hatua mia mbili kutoka mlangoni pake huufikia kwa kishindo cha mashine. Hatuilaumu pikipiki, maana imewafikisha hospitali wagonjwa wengi usiku wa manane. Tunalolilaumu ni kwamba mtu wa miaka arobaini na mitano, mwenye kutegemewa na nyumba nzima, auacha mwili wake uzorote, na hali nchi anayokaa ni uwanja mpana usio na kiingilio.

Yatupasa tukumbuke ya kuwa michezo si ya watoto peke yao. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha, akiwa safarini, baada ya kuwaamuru watu watangulie. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baadaye, alipokwisha kunenepa, Mtume alimshinda, akamtania kuwa hilo ni lipo la siku ile. Wakati huo Mtume alikuwa amekwisha pita umri wa miaka hamsini. Ni wangapi kati yetu wenye umri huo wawezao kukimbia hatua hamsini? Timu ya Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, vijana walikimbia uwanjani na sisi wazee tukapiga kelele jukwaani, kisha tukarudi nyumbani tumechoka kana kwamba tulicheza.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma. Yaani nusu saa kwa siku tano yatosha kuanzia. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake, lakini pumzi haimtoshi kuimba kaswida. Tena wataka kazi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili, na hiyo mkulima anayo katika jembe na shoka. Shida iko kwa karani, mwalimu na mwenye duka, wakaao kitini tangu asubuhi. Hao ndio aghalabu tuwaonao katika foleni ya kupimwa shinikizo la damu na kisukari.

Basi na waitazame nchi yao. Nachingwea iko mita mia kadhaa juu ya bahari, na tangu Juni hadi Septemba mvua haipo na asubuhi huwa na ubaridi mzuri. Huko ndiko Waingereza walikoleta ule mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Kwa ajili yake walijenga reli kutoka pwani, treni ikaanza kufika Nachingwea mwaka 1949. Mwaka 1962 ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Baba awachukuapo wanawe kutafuta ilikopita reli hiyo amewapa somo la historia na jasho kwa pamoja. Tena Nachingwea ndiko wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO walikokuwa na kambi yao ya mafunzo, chini ya Samora Machel, hata nchi yao ikapata uhuru mwaka 1975. Vijana hao walikwenda kwa miguu masafa ambayo leo twayaona ni ya gari tu.

Kutoka Nachingwea hadi Ruangwa haipungui kilomita 40 kwa barabara. Hiyo ni safari ya baiskeli ya siku moja kwa watu waliojizoeza, waondoke wawili watatu, wenye maji na pampu, wala wasiifanye mashindano. Asiyejizoeza na aanze kwa kwenda kijiji cha jirani na kurudi.

Lakini pori la kusini si bustani. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulieleza kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na wengi wao walikuwa wa pande hizi za kusini mashariki, Lindi ikiwamo. Wengi walishambuliwa wakati wa mavuno, walipolala mashambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu. Kwa hiyo matembezi yangoje jua lichomoze, na watu warudi kabla ya magharibi. Mtu asiende peke yake, na kwanza aulize ofisi ya kijiji kama tembo au simba wameonekana.

Kina mama nao wasisahauliwe. Mama wa mjini, mwenye bomba la maji uani, hana tena ile safari ya kisimani iliyompa mama yake nguvu. Wanawake wanne wa mtaa mmoja, wamejisitiri vizuri na kuvaa viatu imara, waweza kutembea pamoja asubuhi baada ya watoto kwenda shule, na mume mwenye akili hatawazuia.

Tena kuna wazee wetu wanaoweka akiba ya korosho mwaka hata mwaka wapate kwenda Hija. Fedha hutimia, magoti yakakataa. Kusai peke yake, baina ya Safaa na Marwa mara saba, ni kilomita tatu hivi, na hiyo ni sehemu ndogo tu ya mwendo wa siku zile, katika joto na msongamano. Mzee mwenye nia hiyo na apimwe na daktari, kisha aanze kutembea miezi sita kabla ya safari: juma la kwanza robo saa, halafu aongeze kidogo kidogo mpaka afikie saa nzima bila kukaa. Na ndara atakazovaa huko azivae tangu sasa, zisije zikamchubua miguu akiwa Makka.