Thaimasi, Ndama Pacha na Maabara ya Kabete

Katika vichinjio vya Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, shingo ya ndama ikipasuliwa huonekana nyama laini, nyeupe iliyochanganyika na wekundu hafifu, ikiandamana na koo la pumzi na kushuka hadi karibu na moyo. Kwa ng'ombe mzee nyama hiyo huwa imenywea na nafasi yake kushikwa na mafuta. Hiyo ndiyo thaimasi. Binadamu naye anayo nyuma ya mfupa wa kidari. Kwa mtoto mchanga ni kubwa mno ukilinganisha na umbo lake, na baada ya kubalehe husinyaa mwaka baada ya mwaka.

Kwa sababu ya kusinyaa huko, watu wa tiba waliipuuza kwa karne nyingi. Mwaka 1961, Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, aliwatoa panya thaimasi mara tu walipozaliwa. Panya hao walidhoofika, wakaandamwa na maradhi, na walipobandikwa ngozi ya panya wengine miili yao haikuikataa. Kinga yao ilikuwa na pengo kubwa.

Kinachofanyika ndani ya tezi hii ni kazi ya ukali wa kutisha. Seli changa hutoka kwenye uboho wa mifupa na kuingia thaimasi zikiwa hazimjui adui wala ndugu. Kila moja hujiundia kipokezi chake kwa kubahatisha, kisha hutahiniwa mara mbili. Kwanza, je, inaweza kusoma alama ambazo seli za mwili huu hubeba juu yake? Isiyoweza hufa. Pili, je, inaushambulia mwili wenyewe? Inayoushambulia nayo hufa, au hugeuzwa kuwa mtulizaji wa wenzake. Zaidi ya seli 95 katika kila 100 huishia humo humo. Zinazofaulu hutoka kwenda kwenye damu, na ndizo zinazoitwa seli T.

Na hapa Nairobi ina mchango wake, mkubwa kuliko wanavyojua wengi wanaopita Barabara ya Naivasha kila asubuhi. Mwaka 1973 ilianzishwa Kabete taasisi ya kimataifa ya kuchunguza magonjwa ya mifugo, ILRAD, ambayo tangu katikati ya miaka ya 1990 imekuwa sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Mojawapo ya kazi zake kuu ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wa sikioni na unaokadiriwa kuua ng'ombe wapatao milioni moja kila mwaka katika Afrika Mashariki, Kati na Kusini.

Kijidudu chake, Theileria parva, kina ujanja usio na mfano. Huingia ndani ya seli za kinga zenyewe, zikiwemo seli T, na kuzilazimisha zigawanyike bila kikomo. Kila seli inapogawanyika, nacho hugawanyika, kikihakikisha kila upande unaondoka na fungu lake. Tezi zilizo chini ya sikio la ng'ombe huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji. Mfugaji anaweza kumpoteza mnyama ndani ya wiki tatu au nne.

Hata hivyo, ng'ombe akipona, kinga yake hudumu. Inatoka wapi? Mwaka 1994, watafiti wa Kabete, miongoni mwao Declan McKeever na Evans Taracha, walichapisha jibu walilolipata kwa ndama pacha wanaofanana kabisa. Walimkinga mmoja, wakakusanya kutoka kwenye limfu yake seli T zenye alama ya CD8, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizovamiwa, wakamtia pacha wake ambaye hakuwa na kinga. Pacha huyo akaweza kukidhibiti kijidudu. Ilibidi wawe pacha wa namna hiyo kwa sababu ya mafunzo ya thaimasi: ndama mwingine yeyote angezikataa seli hizo kama za mgeni.

Chanjo inayotumika hadi leo ilitangulia maelezo hayo. Ilibuniwa Muguga, mbele kidogo ya Kabete, katika miaka ya 1970: ng'ombe hudungwa vijidudu hai pamoja na dawa ya tetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Inafanya kazi vizuri, ila lazima ihifadhiwe katika naitrojeni kimiminika, jambo gumu kwa mfugaji aliye mbali na umeme na barabara.

Katika eneo la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na katika kituo chao cha Kangemi, watafiti wa KAVI, mradi wa Kenya wa kutafuta chanjo ya UKIMWI, walizitafuta seli kama zile za CD8 kwa binadamu. Baadhi ya wanawake wa Majengo, Pumwani, walikuwa wamekutana na virusi vya UKIMWI mara nyingi bila kuambukizwa, na damu yao ilionyesha seli za CD8 zinazovitambua virusi hivyo. Mwaka 2001, chini ya Job Bwayo na Omu Anzala, yalianza jijini majaribio ya chanjo iliyobuniwa pamoja na Oxford ili kuziamsha seli hizo. Mwitikio ulikuwa dhaifu, na chanjo hiyo ikaachwa. Ujasiri wa waliojitolea unastahili kukumbukwa zaidi ya unavyokumbukwa.

Na thaimasi ya mtu mzima, je, ni mabaki tu? Madaktari wanaofungua kifua kwa upasuaji wa moyo mara nyingi huiondoa ili wapate nafasi. Mwaka 2023, utafiti wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, uliwalinganisha watu wazima waliotolewa thaimasi na wengine waliofanyiwa upasuaji wa kifua bila kuiondoa. Katika miaka mitano, asilimia 8.1 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 2.8 ya kundi la pili, na saratani ilikuwa imewapata wa kundi la kwanza takriban maradufu. Utafiti wa kulinganisha hivyo hauthibitishi chanzo, lakini waliopimwa walionekana kutengeneza seli T mpya chache zaidi, na hiyo inatosha kumfanya mpasuaji afikirie upya kabla ya kuikata.