Kiu Isiyokatika

Mgonjwa akishaketi mbele yangu, kabla sijashika mashine ya kupima sukari namuuliza: usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Mimi ni muuguzi Tanga, na huku kwetu joto husingiziwa kila kitu. Mtu anamaliza jagi la maji, anasema ni jua. Lakini maji ya mtu wa juani hutoka kwa jasho. Ya mwenye kisukari hutoka kwa mkojo, hata usiku wa mvua.

Sukari ikivuka kama 10 mmol/L kwenye damu, figo hazimudu kuirudisha yote. Inayobaki huingia kwenye mkojo na kuvuta maji, ndiyo maana wazee waliona sisimizi wakijaa pale mgonjwa alipokojoa. Mwili nao, kwa kukosa insulini au insulini kutofanya kazi sawasawa, huanza kula mafuta na misuli yake. Mtu anakula vizuri, na anakonda.

Asubuhi kabla ya kula chochote, sukari chini ya 5.6 ni salama. Ikifika 7.0 tunashuku kisukari. Kama huna dalili, tunarudia kipimo siku nyingine. Waliopo katikati ndio ninaowasisitizia zaidi, maana bado wanaweza kukizuia. Lakini 11.1 au zaidi saa yoyote, pamoja na kiu na kukonda, hiyo haisubiri.

Wanaoniuma ni watoto. Mama mmoja alimleta binti wa darasa la pili: "Nesi, huyu alishaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena." Walikotoka alipewa dawa za malaria. Alikuwa anahema kwa nguvu, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva mno. Mashine haikutoa namba, iliandika HI tu: sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Tulimkimbiza hospitali, akawekewa dripu na insulini, akapona hatari ile. Bibi yake alimlaumu mama kwa pipi, na hilo nililikataa palepale. Kisukari cha aina hii hakiletwi na pipi. Kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na mtoto atahitaji sindano ya insulini kila siku.

Kipimo ni tone moja la damu ya kidole na sekunde chache. Mtoto wako akiwa mgonjwa, anakunywa maji sana na kukojoa sana, usiondoke na majibu ya malaria peke yake. Sema: naomba apimwe na sukari, leo hii.